Kwa Okello, Kabla ya Jumatano

Njoo bila kupaka chochote usoni.
Kunywa chai, kula mihogo ya jana, ushibe;
hapa Mbarara hawamlazi mtu usingizi kwa kazi hii,
utakuwa macho, na siku ni ndefu kuliko barabara ya kutoka Lira.
Shati liwe la vifungo. Mimi nilivaa la kuvuta kichwani,
jioni nesi akalikata kwa mkasi.

Kwanza sindano. Sikudanganyi, inauma,
inauma kama siafu aliyekosa njia,
mara tatu, mara nne, kando ya pua,
kisha pua inakuwa ya mtu mwingine.

Daktari Kemirembe ana kalamu ya zambarau.
Anachora duara, anatia alama juu,
ajue kaskazini ya uso wako iko wapi.
Halafu kisu. Hutasikia kikikata,
utasikia kikikwaruza,
na harufu ya nywele zilizoungua,
chuma cha moto kikiziba vijishipa.
Ni wewe unayenuka. Usishtuke.

Anachukua tabaka moja,
jembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Wanakufunga bandeji, wanakurudisha kwenye benchi.

Hapo ndipo kazi yako inapoanza.
Nyuma ya mlango wa kijani yuko Waiswa,
kijana wa Iganga, pacha kama mimi;
analigandisha tabaka kwa baridi, analikata, analipaka rangi,
nyekundu huku, buluu kule,
na daktari anainamia hadubini kusoma pindo lake.
Pindo likiwa safi, umemaliza.
Ikibaki punje, wanajua ni ya upande gani, kina gani,
wanarudi hapo tu, penginepo hawagusi.
Unamkumbuka mama akipepeta ufuta?
Hakuwahi kumwaga ungo mzima kwa ajili ya jiwe moja.

Mzee Tumuhairwe, dereva wa trekta, aliitwa mara moja tu,
akaambiwa yuko safi, akaniachia maandazi yake mawili.
Nilimchukia kidogo. Nikayala.

Mimi waliniita nikadhani nimepona.
"Bado, Acen." Sindano tena, kisu tena, benchi.
Waliniita. "Bado, upande wa jicho."
Nikahesabu vigae vya sakafu, sitini na saba,
kimoja kimevunjika.
Mara ya tatu Waiswa alitoka mwenyewe,
glavu moja mkononi, nyingine mfukoni,
akasema, "Pande zote."
Nililia, chozi likaingia kwenye bandeji, nesi akanikaripia.

Ukiomba kioo kabla ya kushonwa watakupa.
Mimi niliomba.
Shimo ni kubwa kuliko kidonda ulichokizoea;
kidonda kilikuwa mlango, nyumba ilikuwa nyuma yake.
Waliazima ngozi ya shavu, wakaivuta, wakaishona
nyuzi kumi na nne, nami fundi cherehani
nikaona wivu.

Utavimba jicho hadi watoto wakucheke.
Usiiname, usibebe jerikeni,
lala kichwa juu ya mito miwili.
Paka mafuta mazito kila asubuhi, kisikauke,
hata shangazi akisema kidonda hupona kwa kukauka.
Mwezi wa tatu kitawasha. Usikikune.
Bado siihisi mvua upande wa kushoto wa pua;
naiona tu ikidondoka kwenye mdomo.

Hicho kidoa cha sikioni mwako, Okello,
Apio alikuwa nacho, palepale.
Alisema, nikishavuna.
Akavuna, akasema, nikishauza.
Ufuta wa mwaka ule tuliuuza sisi, msibani.

Wewe ni Okello, mwana anayefuata pacha.
Tumekutangulia wawili, njia mbili.
Nifuate mimi.

Na kofia iwe ile pana ya majani,
siyo ile ya timu yako, haifuniki masikio.